Siku Mwanangu Alipogeuka Redio

Kuna watu hapa Nachingwea ambao wakiniona napita na ndoo kichwani wanakohoa, halafu wanaulizana kwa sauti, "Jamani, wimbo umekwisha?" na kucheka mpaka wanashikana mabega. Aibu hii niliipika mwenyewe nikaipakua mwenyewe, na naona afadhali muisikie kwangu kuliko kwao, maana wao wanaongeza chumvi (la ndoo ni kweli, lakini la kwamba nilicheza ni uongo mtupu).

Jirani yetu ni Bwana Komba, dereva wa trekta, Mngoni aliyekuja kutoka Songea wakati wa ile kazi kubwa ya Waingereza ya kulima njugu, na njugu zilipotushinda wenzake wakafunga mizigo wakarudi kwao, yeye akabaki. Ndiye mtu wa kwanza katika safu yetu ya nyumba kununua redio. Redio ya betri, na betri yenyewe nzito kama tofali, na anaiweka dirishani uso wake umeelekea nje, ati majirani wafaidi. Basi watoto wakafaidi! Ilikuwa ikifika saa nane mchana humwoni mtoto kwenye vyombo wala kisimani, wote wamekaa chini ya dirisha la Bwana Komba, midomo wazi, nzi wanaingia na kutoka, na wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka ni Hadija wangu, miaka saba, ambaye kila kitu kikiingia sikioni mwake hakitoki tena.

Mimi nilisoma shule ya bweni ya wasichana mpaka darasa la kumi, kwa hiyo napenda utaratibu. Nikampangia: unakwenda kwenye redio nikiinjika maharage, yakianza kuchemka unarudi. Utaratibu mzuri, si ndiyo? Lakini maharage ya mwaka ule yalikuwa na kiburi cha ajabu, yanakaa motoni mpaka saa kumi hayajatoa hata povu. Nikalaumu kuni, nikalaumu maji, nikaenda mpaka dukani kumgombeza aliyeniuzia.

Mambo yangeendelea hivyo hivyo kama tusingekwenda Chunyu, kwetu nilikozaliwa, kumwona mama yangu. Mama alikuwa kibarazani anasubiri mjukuu apige goti amwamkie. Hadija akasimama wima, akakohoa kidogo, akasema, "Hamjambo wasikilizaji wetu, popote pale mlipo." Mama yangu akageuka nyuma kutazama hao wasikilizaji wamekaa wapi.

Tulicheka, lakini kaka yangu Mfaume hakucheka. Sasa hapa lazima niwaeleze wasiotujua: kwetu sisi Wamwera mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye neno la mwisho juu yake ni mjomba. Baba anaweza kuwa karani, anaweza kuvaa soksi mpaka magotini, mjomba akisema mtoto aondoke, mtoto anaondoka. Na Kaka Mfaume alisema hivi, taratibu, kama anayepima ufuta: "Mdogo wangu, mji umekuharibia mtoto. Baada ya mavuno nitakuja nikae siku tatu. Nikimkuta na adabu, atabaki. Nikimkuta na hiyo simu ya upepo kichwani, namchukua, atalelewa na bibi yake hapa."

Na hapo ndipo roho yangu ilipopasuka, maana nilikuwa nimekwisha kumwandikisha Hadija shule, aanze mwezi wa kwanza, na kutoka kwetu Chunyu mtoto wa kike wa miaka saba hawezi kutembea kwenda shule na kurudi. Akienda kule, shule ndiyo basi. Ningemwona mara moja kwa mwaka, anatwanga.

Kwa hiyo juma lile Kaka aliloagiza kwamba anakuja, Jumatatu asubuhi, nikamsimamisha Hadija mbele yangu nikamwambia hakuna redio. Si ya maharage, si ya chai, hata dakika moja. Akalia. Nikasema lia. Akasema, "Sasa mama nitasikiliza nini?" Na mimi, kwa hasira, mikono imejaa mapovu ya sabuni, nikasema maneno ambayo kama ningeweza kuyarudisha ningelipa hata kwa nywele zangu:

"Ukitaka redio, kajitengenezee!"

Mtoto akafuta machozi. Akaondoka. Nikajisifu.

Tangu siku ile nyumba ikatulia kama msikiti. Nilimwona ameburuta uani sanduku kubwa la mbao, lile lililokuja na vipuri vya matrekta ambalo baba yake alilitoa stoo, nikamwona anatoboa, anapigilia kipande cha gunia, anabandika vizibo vya soda viwili mbele, na Bwana Komba akampa betri yake kuukuu iliyokufa (maana redio bila betri itasemaje?). Halafu akaingia ndani ya sanduku. Watoto wa safu nzima wakahama kwa Bwana Komba wakaja kukaa uani kwangu. Nikafurahi! Nikamwambia Baba Hadija, unaona, mtoto ukimnyima upuuzi anarudi kwenye michezo ya kitoto. Baba Hadija akasema, "Umewasikiliza wanachocheza?" Nikamjibu mimi sina muda wa kusikiliza watoto, nina mgeni anakuja.

Kaka Mfaume akafika Alhamisi na baiskeli, nyuma amefunga gunia la ufuta na kifurushi cha ming'oko, vile viazi vya porini vya kwetu. Hadija akapiga goti mpaka chini, "Shikamoo Mjomba," sauti laini kama siagi. Kaka akanitazama, nikatazama pembeni kama mtu ambaye hayo ni ya kila siku. Nikamchinjia kuku mmoja, nikamwambia wa pili amepotea. Ijumaa baada ya sala akasema anakwenda Mtua kutazama mikorosho ya rafiki yake, akarudi jioni anapiga mluzi, nikajua mikorosho imempendeza. Nikahesabu: imebaki Jumamosi tu.

Jumamosi nikaamua kuanika ule ufuta uani, na watoto wamejaa palepale na sanduku lao. Nikawafukuza. "Hebu nendeni mbele huko mkachezee!" (Ndiyo, mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu.) Wakaliburuta sanduku mpaka mbele ya nyumba, wakaliweka kando ya kibaraza kwenye kivuli, na kibarazani palepale walikuwa wamekaa Kaka Mfaume, Baba Hadija na Bwana Komba, wanakunywa chai, na Kaka ameanza maneno ya kufunga safari. Nilikuwa naleta sahani ya ming'oko. Nilimsikia akisema, "Kusema kweli, mdogo wangu amenishangaza, mtoto ana adabu," na mimi nikainama kuweka sahani ili asione ninavyotabasamu, ndipo sanduku likakohoa.

"Hamjambo wasikilizaji wetu, popote pale mlipo. Hii ni Redio ya Sandukuni, inawajia kutoka Nachingwea. Ifuatayo ni taarifa ya habari."

Nikasema, "Hadija!" Lakini watoto kama ishirini wakanigeukia kwa pamoja, "Shhh!" na wanawake wawili waliokuwa wakipita na maji wakasimama.

"Kuku wa pili aliyepotea hakupotea. Amefungwa kamba nyumbani kwa Bwana Komba. Mama amesema atarudi mgeni akiondoka, kwa sababu mgeni huyo akimaliza kuku mmoja anatafuta jina la wa pili."

Kaka Mfaume akakitua kikombe. Bwana Komba akatazama paa.

"Huyo ni mtoto tu," nikasema, "anajitungia."

"Habari za jikoni," sanduku likaendelea, na sauti ile, wallahi, ilikuwa ya mtangazaji hasa, mpaka pale anapovuta pumzi. "Maharage hayachemki upesi kwa sababu Baba huingia jikoni akachomoa kuni. Baba alisema, nenda mwanangu kasikilize, ila usimwambie mama yako."

Nikamgeukia mume wangu. Mtu mzima, karani, akajifanya anabandua maganda ya ming'oko, na ming'oko ilikuwa imekwisha kumenywa! Miezi mitatu namgombeza mwenye duka wa watu! Nilitaka kulisema lile pale pale mbele ya wageni, na nadhani ningelisema, kama habari iliyofuata isingekuwa yangu.

"Mama hutufukuza kwenye redio. Anasema redio inaharibu akili. Lakini zikipigwa nyimbo za taarabu, Mama hubeba ndoo akasema anakwenda kisimani, akasimama nyuma ya uzio wa Bwana Komba mpaka wimbo unakwisha. Kisha hurudi. Ndoo haina maji."

Hapo barabara nzima ilicheka. Wale wanawake wawili ilibidi watue ndoo zao chini. Mimi nilisimama nimeshika sahani tupu, masikio yanawaka, na najua mlivyo, mtauliza ni kweli? Ni kweli. Mara nne, labda tano. Lile dirisha limeelekea nje, nifanyeje?

Lakini kicheko hicho hakikuniuma. Kilichoniuma ni Kaka Mfaume, ambaye hakucheka. Alisimama. Akakunja msuli wake kiunoni, akasema kwa sauti ya chini, "Nimesikia ya kutosha. Mama mwongo, baba mwizi wa kuni, na mtoto ni gazeti. Mwambie Hadija afunge nguo zake." Nikasema, "Kaka, nakuomba, shule," na kabla sijamaliza yeye ameshaanza kushuka kibarazani.

Na sanduku, lisilojua habari za huruma wala za maafa, likasema:

"Habari za wageni. Jana Mjomba alisema anakwenda Mtua kutazama mikorosho. Hakufika Mtua. Alipita njia ya nyuma akaingia kwa Bwana Komba, akakaa ndani na redio mpaka jioni. Alimwambia Bwana Komba aongeze sauti. Wimbo wa mwisho Mjomba alitikisa mabega."

Mguu wa Kaka ukabaki hewani, juu ya ngazi, haushuki wala haurudi.

Sasa Bwana Komba ni Mngoni na sisi ni Wamwera, ni watani tangu enzi za vita, anaweza kututukana hata msibani na hatukasiriki. Alikuwa amejizuia muda mrefu mno. Akajipiga magotini kwa viganja vyake, akalia kwa kicheko: "Ee Wamwera! Babu zangu walipokuja na mikuki mlikimbilia porini, tukasema ni mikuki. Leo mnakimbizwa na sanduku!"

"Mtani, nyamaza," Kaka akasema.

"Ninyamaze nini, na mabega niliyaona mimi! Na uliuliza redio hii inauzwa wapi. Nimwambie dada yako uliuliza mara ngapi?"

Kaka akamtazama yeye, akanitazama mimi na sahani yangu, akamtazama shemeji yake. Nikaona kitu kinamcheza pembeni ya mdomo, anakimeza, kinarudi. Akashuka ngazi, akachuchumaa mbele ya sanduku, akagonga juu yake mara mbili kama mtu anayebisha hodi.

"Wewe redio. Mimi nina tangazo."

"Matangazo husomwa baada ya habari," sanduku likajibu. "Subiri." Halafu likakohoa. "Haya, sema."

"Mjomba Mfaume wa Chunyu," akasema kwa sauti ya wote kusikia, "anawatangazia ndugu na jamaa kwamba Hadija atabaki Nachingwea na ataanza shule, maana mtoto wa namna hii tukimpeleka Chunyu hakuna atakayebaki na siri tena kijijini. Tena anatangaza kwamba kuku wa pili aletwe sasa hivi."

Kuku akaletwa. Nikamchinjisha, nikampika, na paja nikaliweka sahanini kwa Kaka mwenyewe, mbele ya watu, na maharage nikayainjika vilevile, nimekaa kando ya jiko nikishika kuni kwa mkono, na siku hiyo yalichemka upesi kweli.

Ningependa kusema nimemsamehe Baba Hadija. Bado. Lakini nimeapa mbele yenu, sitamwambia tena mtoto yeyote "kajitengenezee," maana mtoto wangu ni mtu wa kutii. Sanduku nimelipasua kuni. Na redio sasa ni kila siku, Hadija akishaoga na kushika kitabu chake, nyimbo tatu na habari, kwa sababu nimepima nikaona bora mtoto asikie habari za dunia kuliko dunia isikie habari zetu.

Na mimi pia huenda. Kwa mlango wa mbele, kama mtu mwenye heshima zake. Bwana Komba akiniona hunitolea kigoda, hukipangusa vumbi, hunikaribisha vizuri sana, halafu huuliza, "Mama Hadija, ndoo leo umeiacha na nani?"