Siku wanafunzi wangu wa Kibabi walipomhoji mama yangu

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo. Haya yamenipata mwenyewe, sikuhadithiwa. Asiyeamini afike Kibabi aulize.

Nianze kwa kujisifu, maana nikingoja mnisifu nitazeeka. Mimi nimejisomesha. Miaka minne niliendesha pikipiki Mubi, kule Walikale, nikibeba watu na magunia kwenye matope ya msituni. Kisha nikaingia chuo cha ualimu, upande wa mawasiliano. Kwenye ukoo wetu wa wakulima wa maharage, mwenye diploma ni mimi peke yangu.

Lakini nusura niikose.

Staji ya mwisho, yale mazoezi ya kufundisha, niliifanyia nyumbani, sekondari ya Kibabi. Somo la mtihani lilikuwa mahojiano. Mwalimu wa chuo angekaa nyuma ya darasa akinipa alama. Ukianguka, unarudia mwaka.

Mgeni wa kuhojiwa nikamchagua mama yangu. Nilitaka pia anione na tai, sikatai.

Fiche yangu, ule mpango wa somo, ilikuwa safi, dakika kwa dakika. Salamu: dakika mbili.

Mama akaingia, akakataa kiti. Akapita dawati kwa dawati akishika mikono.

"Uko mutoto wa nani? Munalima wapi? Mama yako iko muzima?"

Dakika kumi zikaisha. Jasho likanitoka.

"Mama, keti wakuulize."

"Nitajibu namna gani watu sijue? Muvumilie Prof wenu. Alizaliwa na haraka, hata mukunga alimukuta ameisha fika."

Darasa likaangua kicheko. Nyuma, mwalimu wa chuo akaandika kitu.

Mama akafika kwa Neema. Huyu familia yake ilikimbia vita, wakapita kambi ya Kitshanga kabla ya kufika kwetu. Muhula mzima hakuwahi kuniambia zaidi ya "ndiyo, Prof". Kwenye daftari langu nilimwandika: hashiriki.

"Munalima?"

"Tunalima ku mashamba ya watu, Mama. Maharage."

"Basi tuko wamoja. Niulize wewe."

Neema akainamia daftari lake. Nikafungua mdomo nimsaidie. Mama akaniinulia kiganja, nikaufunga. Neema akainua kichwa.

"Mama, wakati Prof alikuwa Mubi, mulikuwa munaongea?"

"Nilikuwa napanda mulima, kule réseau ya simu iko. Anasema iko muzima, anakata. Narudi na maneno yangu yote."

"Maneno gani, Mama?"

Wakuu, swali la kufuatilia jibu! Wiki mbili nililifundisha ubaoni, hakuna aliyelishika.

"Kama anakula. Kama analala pazuri. Kama kuko muntu anamupikia akigonjwa."

Nikageukia ubao, nikajifanya nafuta.

Kengele ikalia, nusu ya fiche haijaguswa. Nikajua nimeanguka.

Mwalimu wa chuo akanionyesha karatasi yake. Nimepita. Chini aliandika: "Mpango haukufuatwa. Wanafunzi walisikiliza. Mwalimu pia, mwishoni."

Tulirudi na mama kwa mguu. Nikamwambia kwamba Mubi nililala kwenye ghala la mihogo, kwamba malaria ilinilaza peke yangu wiki nzima. Alisimama njiani kila mara kuuliza tena. Njia ya robo saa ilitumalizia mchana.

Nilichojifunza: chuo kilinipa maswali mazuri, lakini nilikuwa sijakaa kungoja jibu la mtu.

Walimu wenzangu, nanyi mnamfunguaje mwanafunzi asiyeongea? Na wengine, mama zenu wakipiga simu, nani hukata wa kwanza? Karibuni, nasoma kila jibu.