Nilitia Dawa Yangu Kwenye Liwa ya Bibi Harusi

Mkosa ni mimi. Natanguliza hilo kwa sababu naijua tabia yangu: nikiachiwa nafasi nitazungukazunguka, nitamsingizia shetani, nitasingizia pirikapirika za harusi. Shetani hakuwemo chumbani siku ile. Nilikuwemo mimi na mikono yangu hii miwili.

Nikiitazama, wallahi, naona kinyaa.

Nakaa Jang'ombe. Nina miaka ishirini na tisa, nimeachika, na mpaka mwaka juzi uso wangu ulijaa chunusi kama wa mwari. Na si zile za kupita! Zilikuwa na vichwa vya usaha, nikizibinya zinaacha mashimo. Nilipaka ndimu, nilipaka majivu, nilipaka kila nilichoambiwa na kila mpita njia. Mwisho nikaenda hospitali.

Daktari alikuwa mgeni, hajui Kiswahili. Alinipa tyubu ndogo ya dawa nyeupe inayoteleza kama ute wa yai. Nesi aliyekuwa akimfasiria akanieleza polepole, tena mara mbili.

"Bibi, dawa hii umeandikiwa wewe, usimgaie mtu. Osha uso, ukaushe, ngoja kidogo. Halafu paka utando mwembamba, mara moja tu kwa siku, jioni. Macho na midomo iwache. Usiichanganye na kitu, na jua lisikupige. Utachubuka kidogo, usitishike. Lakini ikikuwasha sana, iwache, urudi kwetu. Na kabla ya wiki sita usitegemee kitu."

Nikiwa mlangoni akaniita tena. "Na nguo za rangi ziangalie, inazibabua!"

Nilimsikiliza. Foronya yangu ya buluu ilitoka mabaka meupe, lakini uso ukatulia. Baada ya miezi miwili mashoga zangu wakaanza kuniuliza napaka nini. Hapo ndipo nilipovimba kichwa. Nikajiona na mimi daktari!

Basi mdogo wangu akaposwa. Nitamwita Salma. Mama yetu keshatangulia mbele ya haki, kwa hivyo mimi ndiye niliyekuwa mwanamke mkubwa wa nyumba. Salma akatiwa ndani siku saba kama ilivyo ada, na somo wake wa kumfunda na kumpamba akawa Bi Kibibi, mjane wa mtaa wa Amani.

Bi Kibibi hakuwa na kazi nyingine. Akisaga liwa kwa mkono wake, ule mti wa manukato, juu ya jiwe na marashi mpaka inakuwa uji mzito, akimpaka bibi harusi usoni. Ikikauka anaisugua kwa viganja mpaka itoke yote. Nusu ya mabibi harusi wa mitaa yetu wamepita mikononi mwake.

Siku ya tano, Salma akatoka chunusi tatu shavuni. Tatu tu! Akalia kama aliyefiwa.

"Dada, watanitoa mbele za watu nna uso huu?"

"Ziwache, mwanangu," akasema Bi Kibibi. "Hizo za ujana, hata huyo mumeo anazo. Msiziguse."

Neno lile "msiziguse" lilinichoma. Nani yeye wa kuniamrisha nyumbani kwetu? Mimi ndiye niliyetibiwa na daktari, yeye anajua jiwe lake tu.

Alipokwenda kusali alasiri, nikachukua tyubu yangu nikaikamua kwenye bakuli la liwa. Si utando mwembamba. Nusu ya tyubu! Nikakoroga kwa kidole mpaka haikuonekana. Sikumwambia yeye wala Salma. Nilitaka uso ung'are kwanza, ndipo niseme ni mimi.

Masikini Bi Kibibi akarudi, akapaka, akasugua. Salma akashtuka.

"Somo, inawasha!"

Bi Kibibi akasimamisha mkono, akataka maji amuoshe. Nani aliyemzuia? Mimi!

"Ukitaka uzuri sharti udhurike," nikasema, tena kwa kucheka. "Msugue, Bi Kibibi."

Asubuhi macho ya Salma yalikuwa yamevimba, hayafunguki. Mashavu mekundu, ngozi inabanduka vipande vipande, na chini yake majimaji ya manjano yanatiririka na kunatana na mto. Chumba kizima kilinuka marashi na kidonda kwa pamoja. Lahaula! Mpaka leo nikisikia harufu ya liwa, natapika.

Siku ya saba nikah ilifungwa msikitini, hiyo haikungoja uso. Lakini jioni walikuja wanawake wa upande wa mume kumwona bibi harusi. Shangazi wa bwana harusi akaifunua kanga aliyofunikwa Salma, akaruka nyuma, akaipangusa mikono yake kwenye nguo.

"Huyu ana maradhi gani nyinyi?"

Kuna aliyenong'ona ukoma. Salma alisikia.

Mama yetu mdogo akamgeukia Bi Kibibi. "Umempaka nini mtoto wetu?"

"Liwa tu, wallahi. Liwa ileile nlompaka marehemu mama yake."

Wote wakanitazama mimi, mwanamke mkubwa wa nyumba. Tyubu ilikuwa ndani ya sidiria yangu, naisikia inanigusa. Ilikuwa nafasi ya kusema maneno mawili, ni mimi. Nikafungua mdomo wangu huu mchafu, nikasema:

"Siku hizi mkono wake haufai. Mkono wake mchafu."

Ptuu! Nafsi yangu!

Wakamtoa kwa matusi, na jiwe lake la kusagia likatupwa nje nyuma yake. Aliliokota mwenyewe akaenda zake. Tangu siku ile hakuna aliyemwita tena kumpamba mwanawe. Sasa anakaanga kachori mlangoni kwake.

Salma, mumewe alimpeleka hospitali mwenyewe, Mungu amjaze kheri. Uso ulichukua wiki nyingi, ukapona, yamebaki madoa mawili chini ya jicho.

Siku moja akaja kwangu na ile kanga aliyojifunga wakati anapakwa liwa. Ilikuwa na mabaka meupe. Akaingia chumbani, akaitandika juu ya foronya yangu, baka na baka.

"Uso wangu mimi umepona, dada," akasema. "Bi Kibibi je?"

Nikaanza kusema nilitaka kumsaidia. Hakuningoja nimalize.

"Somo wangu katolewa kama mwizi na mimi nimekaa nakuamini wewe!"

Tangu hapo akija kwangu hali, wala maji hanywi. Anakuja kwa kuwa ni damu yake, anakaa pembeni ya kiti, anaondoka. Mdogo wangu niliyembeba mgongoni anaona kinyaa na vikombe vyangu!

Na bado nilinyamaza mwaka mzima. Shaaban hii, watu wanapoombana radhi kabla ya mfungo, ndipo miguu iliponipeleka Amani.

"Shikamoo, Bi Kibibi."

"Marahaba." Akaendelea kugeuza kachori zake.

Nikamweleza yote. Hata hakushangaa.

"Nshajua zamani. Liwa haibanduwi ngozi vile. Nlikuwa nakungoja wewe tu."

Nikamwomba radhi. Akaipua kikaango ndipo akanijibu.

"Mimi nshakusamehe, nsije nkafa na kinyongo. Lakini hukunitukana chumbani, ulintukana mbele ya watu. Kanisafishe hukohuko. Taja jina langu, useme mkono wangu haukuwa mchafu."

Basi sikieni, nyinyi mnaosoma barua yangu hii: mkono wa Bi Kibibi haukuwa mchafu. Mchafu ulikuwa wangu.

Na nyinyi wenzangu, dawa aliyoandikiwa mtu ni ya mtu huyo. Usimpake mdogo wako, usiichanganye na liwa wala ndimu, usizidishe ukidhani utapona upesi. Ikiwasha, iosheni, mrudi kwa daktari. Na ukishakosea, sema palepale mbele ya walewale, kwa sababu kila siku unayonyamaza kuna mtu anatukanwa kwa ajili yako.

Jina la Bi Kibibi nimelitaja kama alivyotaka. Langu nimeliandika chini ya barua hii mara tatu, na mara zote tatu nimekichana kipande kile cha karatasi.