Ufa Nilioupaka Grisi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata nizeeke vipi haitaondoka machoni pangu. Nilimwona shangazi yangu Tumpe akipanda kilima chetu cha Kinyala kwa fimbo, mguu umefungwa bandeji kuanzia gotini hadi kifundoni, na mkononi ameshika vipande viwili vya mundu. Mundu huo niliufua mimi.

Ilikuwa miaka ile soko la nchi lilipofunguliwa kwa bidhaa za nje. Karakana ya shamba la chai nilikokuwa fundi ilifungwa, mitambo ikauzwa, nasi tukarudishwa nyumbani. Nilikuwa na mke, watoto wawili na mikono inayojua chuma. Mapanga ya kutoka nje yalijaa sokoni Tukuyu, mepesi, yanapinda upesi, na watu wakaniambia, "Ambilikile, tufulie wewe." Nyundo nilikuwa nayo. Springi za malori mabovu zilipatikana. Nilichokosa ni fuawe, kile chuma kizito ambacho mhunzi hufulia juu yake.

Sikuwa na subira. Nilichukua bamba la chasisi ya lori, nikalilaza juu ya mawe mawili, nikaanza kazi. Kila nikipiga, bamba linaruka na kulia. Nguvu ya nyundo ilipotelea humo, chuma kikapoa kabla hakijakaa sawa, nami nikaendelea kukipiga hivyo hivyo. Chuma kilichopoa ukikipiga sana kinapasuka. Mundu wa shangazi ulipasuka shingoni, ufa mwembamba kama unywele. Niliuona. Nikaupiga tupa, nikaupaka grisi, nikampa.

Shangazi hakunigombeza. Alikaa kwenye gogo, akaweka vile vipande mbele yangu.

"Ulikatika nikikata majani ya migomba," alisema. "Nataka kujua kitu kimoja tu. Ulikuwa umeuona ufa huu?"

Ningeweza kumdanganya, maana hapakuwa na shahidi.

"Niliuona, shangazi."

"Haya. Na hao wengine uliowauzia je?"

Nilikuwa nimeuza miundu saba, wake ukiwemo. Siku hiyo hiyo nilianza kuzunguka, kutoka Kinyala mpaka kijiji cha Masoko, nikisimama mlangoni mwa kila mtu na kueleza kosa langu kwa mdomo wangu, nikiomba mundu urudi. Wengine walinicheka. Mmoja alinifukuza, nilimrudia mara tatu mpaka akanipa ule mundu.

Kisha nikaenda mjini kwa Mzee Shabani, fundi ambaye babu yake alitoka pwani, nikiwa na bamba langu begani. Aliligonga mara moja tu.

"Kijana, unafua chuma au unapiga ngoma?" aliuliza. "Tafuta chuma kinene, ukisimamishe wima. Uzito wote uwe chini ya nyundo."

Nyuma ya gereji moja palikuwa na ekseli ya lori, ule mhimili wa magurudumu, imelala kwenye majani. Mwenye gereji alitaka shimo la choo. Nililichimba siku nne, akanipa. Mimi na mke wangu tuliifunga kwenye mti wa kubebea, tukaibeba mabegani hadi Kinyala, mvua ikitunyeshea, tukiteleza na kuinuka. Niliizika wima ardhini, nikaibana kwa magogo, kichwa chake kipana kikitazama juu. Nilipoipiga mara ya kwanza haikutikisika hata kidogo, na nyundo ikarudi juu kama inayojiinua yenyewe.

Nilifua miundu yote saba upya. Wa shangazi niliupeleka mwenyewe. Aliugeuza, akaupitishia kidole shingoni, kisha akakata mgomba kwa pigo moja.

"Ndaga, fundi," alisema. Ni asante ya kwetu, na hakuwahi kuniita fundi kabla ya hapo.

Mwanangu, nawe unapoanza kazi hii, usione haya kuanza na chuma chakavu. Mimi nimewalea watoto wangu juu ya ekseli ile. Lakini kabla hujakitumia, kijue, na kama hakifai, kiache hata kama watu wanakusubiri. Kazi yako ikiwa na kasoro, iseme kabla haijatoka mkononi mwako. Na ikiwa imeshatoka, ifuate, mlango kwa mlango, hata ukichekwa.

Mungu aitie nguvu mikono yako, na akupe moyo wa kusema kweli siku utakayoulizwa.