Kadudu Kwenye Mlimau Wangu

Mlimau niliupanda mimi, kwenye uwanja wa nyuma wa nyumba yetu kule Penrith, ughaibuni, na maji niliumwagilia mimi. Jirani yangu Mrundi alichofanya ni kusimama chini yake na binti yangu. Ndiye aliyemchukua shuleni siku nilizokuwa na zamu hospitalini, maana treni ya kwenda na kurudi ilinimalizia siku. Mtoto alimwita Tantine, wanavyomwita shangazi kwao. Mimi aliniita Mum.

Jioni moja niliwakuta vichwa vimegusana, wameinua jani changa kuelekea jua. Chini ya ngozi ya jani palikuwa na njia ya rangi ya fedha, inakwenda, inapinda, inarudi. Ilikuwa kazi ya kiwavi wa nondo mmoja mdogo kuliko punje ya mchele. Nondo huyo hana haja na jani gumu. Hutaga kwenye majani machanga tu, na mtoto wake huishi humo ndani akila.

"Tantine, kamefika pembeni," binti yangu alisema, Kiswahili kikimtiririka. "Sasa katakunja jani, kalale."

Roho iliniuma vibaya. Nilimsemesha Kiswahili tangu yuko tumboni, naye hunijibu Kiingereza.

"Mnaangalia nini?" nikauliza.

"Nothing, Mum. Just a leaf."

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, tunaambiwa. Hatuambiwi inakuwaje jirani akikusaidia kulea. Nilimshukuru Tantine, nikampa chapati za moto, na bado nikamwonea kijicho hata kicheko chake.

Jumamosi sikuwa na zamu. Muuza miche alikuwa ameniambia majani yaliyojikunja yakatwe, yatupwe. Nikachukua mkasi, nikakata hayo na mengine ambayo hayakuwa na kosa lolote. Jirani aliniona kutoka upande wake wa uzio.

"Dada, wacha tu," alisema kwa upole. "Haka hakaui muti."

"Ni mti wangu," nikamjibu, nikaendelea.

Binti yangu akatoka nje, akatazama matawi, kisha pipa la taka. Nilipiga magoti nimweleze. Alinipita, akaenda hadi kwenye uzio akilia.

"Tantine, Mama amekatupa. Kalikuwa kamelala."

Tangu ajue kusema nilikuwa nikingoja aniite Mama. Siku aliyoniita, alikuwa ananishtaki kwa jirani.