Nafasi Tatu za Mpakani

Juzi binti yangu alifungua kitabu cha jiografia mezani, na macho yangu yakaenda moja kwa moja kwenye mstari wa mpaka, ule wa vipande vipande.

Siku zile za utoto wangu mpaka wetu ulikuwa umefungwa ghafla, na mama alikuwa amekwama Goma, upande wa pili, na beseni lake la samaki. Mchana mmoja mwalimu alitundika ramani ubaoni, vumbi la chaki likitupalia, akatufundisha alama zake: buluu ni ziwa, nukta ni mji, vipande vipande ni mpaka. Mimi niliziona nafasi kati ya vipande. Niliamini ndimo watu wanamopita. Nikauchora mstari ule kwenye daftari, nikahesabu nafasi tatu pale kwetu Gisenyi, nikakimbia hadi kwa baba.

Baba alikuwa fundi wa nguo. Kibanda chake kilinuka pasi ya mkaa, naye alikuwa akishona pindo la koti kwa sindano ya mkono.

"Papa, ona! Mupaka iko na nafasi. Mama apite hapa!"

Hakucheka. Alilitazama daftari, kisha akanisogezea lile koti. Mshono wake ulikuwa vilevile: uzi, nafasi, uzi, nafasi.

"Vuta pale kwenye nafasi."

Nilivuta kwa mikono miwili. Hapakuachia.

"Uzi iko chini, mutoto wangu. Juu haionekani tu."

Akarudi kushona. Mimi nikabaki mlangoni na daftari langu, nikiyatazama mabati ya Goma yaking'aa juani, karibu kiasi cha kuhesabika.