Adapta Iliyoingia

Jumanne nilikuwa katika duka la vifaa vya umeme hapa Dodoma, nikisubiri redio yangu, alipoingia mama mmoja wa kwaya kutoka Haneti pamoja na mpiga gitaa wao. Walitaka adapta ya kuwashia pedali ya gitaa, kile kisanduku cha kukanyaga kinachobadili sauti. Jumapili kwaya inarekodi.

Muuzaji alichomeka adapta ya kwanza aliyoishika kwenye pedali waliyokuja nayo. "Imeingia, mama. Ikiingia ni yake."

"Si nilisema itapatikana," mpiga gitaa akadakia.

Mama alifungua mkoba, akatoa pedali nyingine iliyonuka kuungua, akaiweka taratibu juu ya kaunta.

"Na hii iliingia, baba. Hapa hapa kwako. Tumebaki na hiyo moja. Hebu nisomee kilichoandikwa chini yake."

Muuzaji aliichomoa adapta upesi, akaigeuza pedali. "Volti tisa. Ncha hasi iko katikati."

"Na adapta yako?"

"Kumi na mbili," alisema kwa sauti ndogo, akaenda stoo kutafuta nyingine. Mpiga gitaa alikuwa akitazama dari.

Mimi nilijifunza kusoma nikiwa na mvi, kwa hiyo simshangai asiyejua. Namshangaa anayejua asisome. Katika mji huu wa ofisi nimewaona wengi waliopewa viti kwa kipimo cha muuzaji yule: wameenea, basi ni vyao. Harufu ya kuungua huanza kutufikia sisi tulio kwenye foleni.