Mazoezi ya mama yameniletea watu wa msiba

Leo nimefungua mlango nikakuta majirani wanne barazani, khanga kiunoni, wanataka kujua nani amefariki.

Hakuna aliyefariki. Ni mazoezi ya mama yangu.

Tangu nimtoe Kibaoni aje kukaa na mimi hapa Majengo, presha inamsumbua na kucheka ameacha. Daktari akasema atembee. Basi kila asubuhi tunazunguka uwanja wa mpira, na simruhusu kusimama kusalimia watu. Anatembea amenuna.
"Tunaenda wapi?"
"Hatuendi popote mama, ni mazoezi."

Sasa nyie mnajua kwetu. Mama mtu mzima apite alfajiri mikono mitupu, mbiombio, bila salamu? Huo ni msiba. Majirani wametuona wiki nzima, leo wakaja na mahindi, kinu na michi.

Nikaomba radhi, aibu tupu. Mama Shija, jirani wa nyumba ya pili, akacheka. "Kinu kimeshafika. Tutwange tu, tupike makande."

Mama yangu akainuka mwenyewe. Akashika mchi.

Watatu kwenye kinu kimoja, wanapokezana, na mama ndiye anaongoza wimbo. Jasho linamtiririka. Nikamwambia apumzike.
"Niache. Si ulitaka mazoezi?"

Nikaingia jikoni kulia kidogo.

Asanteni sana majirani zangu. Nyie wengine, wazee wenu wanafurahia mazoezi gani?

Walipokuwa wanaaga, mama akawauliza kesho msiba uko kwa nani.